Litre Mbili za Kila Asubuhi

Kavira alikuwa amekwisha kuwasha motere, mkono mmoja kwenye usukani, macho kwenye lango la parcelle, kiwanja cha ukoo, aliposikia kidole kinagonga kioo cha upande wa pili. Mara tatu, polepole, kama mtu anayegonga yai sokoni ili ajue kama limeoza.

Alikuwa mama mkwe wake, Mama Masika. Mwanamke wa miaka sabini na kitu, mwili mkubwa, kitambaa cha misa kichwani, na kitunga mkononi kimefunikwa na kikwembe cha rangi ya machungwa.

"Fungua, mwana. Unajua huu mulango unafungukaka paka kwa ndani, kwa inje hapana."

"Mama, uko naenda wapi?"

"Maboya. Kuna kilio. Na wewe uko naenda wapi?"

Uongo huo Kavira alikuwa ameutayarisha siku tisa. "Niko naenda kutafuta viazi ya kuuzisha. Ku njia ya Beni."

"Donc ni njia moja. Mungu ni muzuri."

Kavira akajinyosha juu ya kiti, akafungua. Mama Masika akaingia kinyumenyume, makalio mbele ya kila kitu, akapapasa chuma kilicho chini ya kiti, akakisukuma kiti nyuma mpaka mwisho wake, kisha akaweka kitunga katikati ya miguu. Gari ndogo ya kijivu, ambayo mtaa mzima uliiita Kikohozi, ikainama upande ule kama mtu anayebeba ndoo kwa mkono mmoja.

Kavira akaanza kuhesabu upya moyoni. Kilo mia moja, labda na zaidi. Kilo mia moja zinakunywa mafuta kiasi gani kutoka Butembo mpaka Beni?

Maana mafuta ndiyo yalikuwa habari yote. Gari iliachwa na mume wake, Kahongya, aliyekufa miaka minne nyuma. Sindano ya kipimo cha mafuta ililala kwenye sifuri siku ile ile ya mazishi na haikuamka tena. Mafundi wawili walijaribu kuiamsha, na mmoja wao, wanasema, aliacha ufundi kabisa akaenda kuwa katekista. Kisha mdogo wa marehemu, Muyisa, akasimama mbele ya ukoo akatangaza kwamba mjane wa kaka yake hatatoka mu parcelle, na kwamba mtu asiyetoka hana haja ya mafuta mengi. Tangu hapo kila asubuhi Muyisa alileta chupa mbili, litre moja moja, akazimimina yeye mwenyewe. Zilitosha kwenda sokoni, kwenda kanisani, kurudi. Jioni alichungulia kilometrage kwa tochi ya simu. Kilometa hazikuzidi hata siku moja.

Lakini Butembo ni mji wa milima, na Muyisa hakujua kuendesha. Hakujua kwamba gari inayoshuka mlima inaweza kushuka bila kula. Kila mutelemko Kavira alitia point mort, gia ikiwa huru, akazima motere, akaiacha Kikohozi iteremke yenyewe, usukani mzito kama jiwe la kusagia, breki ngumu, upepo tu ukipiga filimbi mlangoni. Kilometa zilihesabika, mafuta yakabaki. Kijiko hapa, kikombe pale, miezi mitatu. Kwa hesabu yake, asubuhi ile Kikohozi ilikuwa na litre saba tumboni, na kutoka Butembo mpaka Beni ni kilometa hamsini na kidogo.

Huko Beni alikuwako Mashaka.

Walikutana mwaka uliopita, siku pekee ukoo ulipomtuma Beni na mafuta ya kutosha, juu ya mlima wa Kabasha, pale njia inapomaliza kupanda na kuanza kushuka kwenda Beni. Kikohozi ilikuwa inatoa moshi mweupe, na Kavira amesimama kando yake akijifanya anapiga simu, ili madereva wasijue kwamba hana mtu wa kumpigia. Camion moja ikasimama. Akashuka mwanaume mrefu, kofia ndogo nyeupe kichwani, birika ya plastiki mkononi.

"Sogea, mama. Iko na kiu."

Akamimina birika yote mu radiateur. Kisha akainama kando ya njia, akapiga viganja kwenye vumbi safi, akajipangusa uso na mikono. Kavira aliuliza anafanya nini.

"Ile maji ilikuwa ya udhu yangu. Sasa nitaswali na vumbi."

"Na Mungu atakubali?"

"Mungu atanielewa. Radiateur, hapana."

Akamtazama alipokuwa akisema hivyo, na ndani ya ule mtazamo hapakuwa na haraka. Miaka mitatu watu walikuwa wanamtazama Kavira kama mtu anavyotazama nyumba ya urithi, wanapima kuta. Huyu alimtazama kama mtu anayesoma barua iliyomfikia yeye.

Yaliyofuata mnayajua ninyi wenyewe mliopenda kwa siri. Simu za chooni. Jina lake kwenye simu limeandikwa "Fundi wa Chaudron", kama mtengeneza sufuria. Na juma lililopita, sauti yake ikiwa chini kabisa:

"Jumamosi ninahamia Kamango, Kavira. Tunafungua dépôt kule, nitakuwa nabaki huko. Camions zinatoka Beni pamoja, saa sita kamili. Hazingojeaka mutu."

"Kuja unichukue."

"Nikikuja kukubeba, kwenu watasema Muislamu wa Beni aliiba muke wa ukoo. Na kwetu mama yangu ataunga mukono, juu ya sababu yeye pia hakutaki. Lakini ukikuja wewe mwenyewe, na miguu yako, nani atafungua kinywa? Nitakuwa nimesimama pale parking. Sitaita mara mbili."

Kikohozi yenyewe ingerudi Butembo siku ile ile. Paulin, dereva rafiki ya Mashaka, alikuwa amekubali kuirudisha. Kavira hakutaka kuchukua kitu cha watu. Nguo tatu zilikuwa zimekunjwa chini ya kiti chake, basi.

Walipotoka mjini, harufu ikaanza.

"Mama, unasikia essence?"

"Mimi nasikia paka manukato yako. Viazi ya siku hizi, vraiment, inapendaka manukato."

Kavira akafungua kioo. Harufu haikuondoka. Ikiwa tangi linavuja, basi miezi mitatu ilikuwa inadondoka njiani tone kwa tone. Kwenye mutelemko wa kwanza, kwa mazoea, mkono ukashika ufunguo. Akajizuia. Mama Masika alikuwa anatazama mbele.

"Zima tu," mama mkwe akasema.

"Namna gani?"

"Motere. Ku mutelemko unazimaka. Zima."

Kavira akazima. Gari ikateremka ndani ya ukimya.

Walifika Maboya saa nne kasoro. Kavira akapunguza mwendo mbele ya maduka. "Kilio iko wapi, Mama?"

Mama Masika akatazama kushoto, akatazama kulia. Watu walikuwa wananunua vitunguu. Mwanamke mmoja alikuwa anacheka sana.

"Marehemu amepona," akasema. "Endelea."

"Mama. Marehemu anaponaka?"

"Batu ba Maboya ni bagumu. Kuna mumoja alizikwa siku ya kwanza, siku ya pili akaonekana kwenye mulango ya chefferie, kwa chifu, analalamika juu ya sanduku. Endelea, mwana, jua linapanda."

Siku nyingine Kavira angecheka. Jioni nyingi alicheka hivyo, wawili peke yao jikoni, Mama Masika akikoroga sombe ya majani ya muhogo na kumwambia juu ya jogoo aliyejua Kilatini. Katika nyumba ile ya watu kumi na mmoja, hakuna mwingine aliyeketi naye. Lakini leo uongo wa yule mama haukumchekesha.

"Unajua niko naenda wapi," Kavira akasema.

"Viazi."

"Mama."

"Anaitwa Mashaka. Ukuta wa choo ni mbao tu, nasikiaka. Jina gani hilo la kumupa mutoto? Mama yake alikuwa na mashaka ya nini?"

Kavira akakaza usukani. "Nani mwingine anajua?"

"Muyisa hajui kitu. Ule hajui ata ndevu zake ziko ngapi."

"Basi juu ya nini umepanda?"

Mama Masika akajiweka vizuri, kiti kikalia.

"Juu niko muzito," akasema.

Baada ya kilometa nyingi njia ilianza kupanda kuelekea Kabasha, mashimo yamejaa maji ya mvua ya jana, migomba pande zote mbili imesimama kimya. Kikohozi ilipanda kwa première, gia ya kwanza, ikitetemeka. Kila shimo Kavira alilolikwepa, alilikwepa kwa ajili ya kijiko kimoja cha mafuta. Saa nne na nusu. Bado mkunjo mmoja. Juu kabisa aliona anga pale njia ilipokatika, na alijua kwamba baada ya pale ni kushuka, ni kushuka tu, hata gari iliyokufa ingefika mbali.

Kikohozi ikakohoa. Ikakohoa tena. Ikanyamaza.

Kavira akavuta breki ya mkono. Akageuza ufunguo, motere ikalia bila kushika. Akageuza tena. Akaacha.

"Haiwezekani," akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Nilihesabu. Nilihesabu kila siku. Ilikuwa litre saba."

Mama Masika alitazama kitunga chake.

"Labda motere imechoka. Turudi tu. Tuishushe kinyumenyume mpaka kule chini, tutapata mutu. Jioni nipike sombe."

Kavira alitoa zile nguo tatu chini ya kiti, akazifunga kwenye kitenge. Akavua viatu vya kisigino, akavishika kwa mkono mmoja. Ufunguo akauweka juu ya goti la mama mkwe wake.

"Uko nafanya nini?"

"Ninatembea."

"Mpaka Beni? Ni kilometa makumi mbili na kitu. Saa sita utakuwa ungali ku Kabasha unatafuta kivuli."

"Najua."

"Camion yake itakuwa imeenda."

"Najua, Mama. Sitafika. Lakini sitakuwa nimerudi."

Akaanza kupanda. Lami ilikuwa na moto chini ya nyayo, changarawe ikimuuma. Hakulia. Alikuwa amekwisha kulia miaka minne, usiku kwa usiku, uso kwenye mto ili mke wa Muyisa asisikie upande wa pili wa ukuta. Machozi pia yalikuwa yamepimwa. Pikipiki moja ikapita, mwenyewe akageuza shingo, akaenda. Kavira akahesabu hatua. Alipofika themanini akasikia:

"Kavira."

Akaendelea.

"Kavira, rudi. Sina mbio ya kukufuata, na sitaki kupiga kelele juu ya mulima kama muuza samaki."

Akageuka. Mama Masika alikuwa ametoka garini, amesimama kando ya Kikohozi, kitunga miguuni, kikwembe cha machungwa kimeanguka. Ndani ya kitunga ilikuwa bidon ya njano, imejaa mpaka shingoni.

Kavira akashuka polepole. Harufu ya essence ikamjia kabla hajafika.

"Hiyo ni nini?"

"Ni yako." Mama Masika hakumtazama. "Yote iko. Sikuuzisha ata tone. Mara mbili kwa juma, ukienda misa ya kwanza na miguu, nilikuwa nachukua mupira ya Muyisa na navuta. Kikombe. Siku ingine kikombe na nusu."

"Na mudomo?"

"Na mudomo. Njo maana nilikuwa nasema niko na jino bovu. Miezi mitatu natafuna majani ya limau kama mbuzi. Chakula chote kinakuwa na ladha ya camion."

Kavira alitaka kukasirika. Alitafuta hasira, na hasira ilikuwepo, kubwa, lakini haikupata pa kusimama. "Juu ya nini haukumwambia Muyisa?"

"Muyisa angekunyanganya clé ya gari. Sikutaka ukose gari. Nilitaka gari ikose nguvu."

"Ulijua namna gani tokea mwanzo?"

Yule mama akaokota kikwembe kilichoanguka. Upepo ulipita kwenye migomba.

"Mbele ya hii miezi tatu, gari yako ilikuwaka inaingia mu parcelle na makelele. Nilikuwa naisikia tokea kule juu, nasema, njo huyu amerudi, naweka maji ya chai. Mimi kila jioni nasikilizaka paka ile. Sasa siku moja nikaona umesimama mu jiko, na sikusikia kitu. Umeingia kimya. Siku ya pili, kimya. Nikasema, mutu anayejifunza kuingia kimya, ni kutoka njo anajifunza."

Kavira akakaa chini, kwenye ukingo wa njia. Mama Masika akabaki wima; kukaa chini na kuinuka tena ilikuwa kazi ya nusu saa.

"Na hii bidon, uliileta ya nini?"

"Ya kurudia. Ukichoka na ukisema turudi, ningeimimina turudi nyumbani." Akajipangusa mdomo kwa kona ya kikwembe. "Nilifikiri gari njo ilikuwa inakubeba. Kumbe hapana."

Akakata jani la mgomba kando ya njia, akalikunja kama pembe, akalitia kwenye mdomo wa tangi. "Inua bidon. Mimi sitaweza. Nimekwisha kuibeba kutoka ku chumba, mugongo umekataa."

Walimimina pamoja, Kavira akiinamisha, mama mkwe akishika jani. Mafuta yaliimba yakiingia. Miezi mitatu ya mitelemko ilishuka kwa dakika mbili.

"Panda, Mama. Tuende wote mpaka Beni. Paulin atakurudisha na gari."

"Hapana."

"Juu ya nini?"

"Nikikuona unapanda camion ya mwanaume mwingine, nitakushika nguo mbele ya batu bote. Najijua. Nilimuzaa Kahongya. Hapa njo mwisho yangu." Akakipindua kitunga, akakipima kwa mkono, akakikalia. "Ule Paulin atapita saa ngapi?"

"Mbele ya saa kumi."

"Nitakuwa hapa. Nitaona camions, nitahesabu mbuzi."

"Muyisa akiuliza utasema nini?"

"Nitamwambia tulifika Kabasha, upepo ukakubeba. Mwanamuke wa Alimbongo ulimubebaka vile, na mwavuli yake. Ataamini. Ule anaamini kila kitu."

Kavira akapiga magoti mbele yake. Mama Masika akamshika kichwa kwa mikono miwili yenye harufu ya essence, akakaza, kisha akakisukuma kidogo kama mtu anayesukuma mtumbwi majini.

"Enda. Unakula wakati ya batu. Mimi sitageuka kukutazama, shingo inaniuma."

"Wasingya, Mama," Kavira akasema, shukrani ya kwao.

"Enda."

Kikohozi ilishika mara ya nne. Ikapanda ule mwinuko uliobaki, nyepesi sasa, nyepesi mno, upande ule wa pili ukiwa umeinuka juu kama bega la mtu asiye na mzigo. Kileleni Kavira akatazama kwenye kioo. Aliona kitambaa cha misa, na uso. Mama Masika alikuwa amegeuka.

Kisha njia ikainama, na kioo kikabaki na anga tupu.

Mkono wa Kavira, wenyewe, bila kuulizwa, ukaenda kwenye ufunguo. Point mort. Zima. Gari ikaanza kuteremka kimya kuelekea Beni, joto la bonde likipanda kumlaki, na ule ukimya ukawa mkubwa kuliko alivyoweza kuubeba. Hakuna aliyeongea pembeni. Kiti kilikuwa kimesukumwa nyuma mpaka mwisho, kipana, kimebonyea katikati.

Miezi mitatu alikuwa ameokota vijiko. Sasa aliokotea nani?

Akageuza ufunguo. Motere ikawaka, ikaunguruma. Akaiacha iungurume mutelemko wote wa Kabasha, ile njia yote ya bure, ikila mafuta pasipo sababu. Alikanyaga hata mahali pasipohitaji kukanyaga. Labda kule juu sauti ingefika. Labda yule aliyezoea kuisikiliza angeisikia ikienda.

Saa sita kasoro dakika kumi aliingia parking ya Beni. Camions zilikuwa zimepangwa mstari mmoja, turubai zimefungwa, madereva wanazunguka wakipiga magurudumu kwa mguu. Mashaka alikuwa amesimama palepale aliposema, ameipa mgongo camion yake, uso kwenye njia ya Butembo. Alipoiona Kikohozi hakukimbia, hakuinua mkono. Alivua tu kofia yake, akaivaa tena, kama mtu aliyesahau kichwa chake kiko wapi.

"Umekuja," akasema.

"Nimekuja."

"Miguu yako iko na damu."

"Hatua themanini tu."

Alimtazama, bila haraka, kama siku ile ya birika. Alitaka kuuliza, akaona uso wake, akaacha. "Kitu gani ninaweza kukufanyia, Kavira? Sasa hivi, mbele tutoke."

"Jaza gari."

"Mpaka wapi?"

"Ijae. Mpaka imwagike. Irudi kwao imejaa."

Mashaka akaita, bidon zikaletwa kutoka kwenye camion. Kikohozi ikanywa kama haijawahi kunywa tangu mazishi, na watu wawili wanaapa kwamba sindano ilitikisika. Paulin, kijana mfupi mwenye kucheka, akaingia, akarekebisha kioo, kisha akanyosha mkono chini ya kiti cha pili akivutavuta kile chuma.

"Hiki kiti kimeenda nyuma sana, mama. Nikisogeze?"

"Acha," Kavira akasema. Akainama dirishani. "Ukipita kileleni, upande wa kushuka kwenda Butembo, utaona mama amekalia kitunga. Atakuambia hakungojei. Umungojee. Na umufungulie mulango wewe mwenyewe, juu unafungukaka paka kwa ndani."

Paulin akaitika. Nyuma yao camion ya kwanza ikawaka, kisha ya pili.

"Na ukifika karibu na parcelle," Kavira akasema, "pale njia inapoanza kushuka, hapana kuzima motere. Ingia na makelele."